Fundi wa Omurushaka na friji lililogoma njiani kwenda Kyerwa

Saa tatu asubuhi, ukungu unapoanza kuachia mabonde, gari jeupe lenye umbo la nyumba linaingia Omurushaka, wilayani Karagwe, taratibu, likiomba njia kati ya bodaboda na baiskeli zilizopakia mikungu ya ndizi. Linaipita karakana ya Sperancia Kokuberwa, linasimama, kisha linarudi kinyumenyume.

Sperancia ameinama nyuma ya friji la muuza soda, bisibisi mkononi. Anainua kichwa. Hakuwa na miadi na mtu, na gari la namna hiyo halijawahi kusimama mlangoni kwake.

Mlango unafunguka upande wa barabara, kwa kuwa gari lilitengenezewa nchi ambako watu huendesha kulia. Anashuka mama mwenye umri wa miaka sitini na kitu, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, pikipiki zikimkwepa kushoto na kulia. Kifuani amekumbatia kisanduku cha plastiki kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo mama," Sperancia anamsalimu akijifuta mikono.

"Marahaba, mwanangu. Tumeelekezwa kwa fundi wa mafriji. Yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mama anamtazama kuanzia kilemba hadi viatu vilivyojaa vumbi. Kisha anatabasamu na kumkabidhi kisanduku. "Basi nishikie uhai wangu," anasema.

Ndani ya kisanduku mna chupa ndogo za insulini, akiba ya miezi miwili.

Mama huyo ni Costansia, mzaliwa wa Kyerwa aliyeolewa Rwanda akiwa binti. Dereva aliyeshuka nyuma yake ni mumewe, Aimable, ambaye aliendesha malori kati ya Kigali na Dar es Salaam mpaka alipostaafu, na Kiswahili chake bado kina harufu ya barabara. Gari hilo lenye vitanda, jiko na friji alilinunua kwa wageni waliomaliza safari yao Kigali wakaona shida kulirudisha kwao.

Walikuwa wanakwenda kwa Agnetha, dada mkubwa wa Costansia, ambaye kibanja chake, shamba la migomba na kahawa lenye nyumba yake, kiko mbele ya Nkwenda, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Agnetha ndiye aliyemlea Costansia baada ya mama yao kufariki. Sasa ni mzee, na ameomba jambo moja tu: msimu huu wa kahawa wauvune pamoja, wakae nyumba moja mpaka gunia la mwisho lifungwe.

Costansia ana kisukari. Chupa anayoitumia kwa wakati huo inaweza kukaa nje kwa muda bila tatizo, lakini akiba inahitaji baridi. Ndiyo sababu wakaja na gari lenye friji la gesi. Na ndilo friji hilo, tangu walipolala Rugu kwa marafiki, lililoacha kupoza. Maziwa yalikuwa yamechacha humo ndani. Kama halitatengemaa, Aimable alikuwa amekwisha kuamua, wangegeuza gari na kurudi Kigali.

Sperancia hakuanza na friji. Alianza na insulini. Aliipeleka kwenye friji moja la mteja lililokuwa limepona na kusubiri kuchukuliwa, akaipanga rafu ya katikati, mbali na barafu, akafunga mlango.

Costansia alisimama akiutazama mlango huo. Sperancia alimwambia kuwa, ikishindikana kabisa, dawa ingeweza kubaki hapo na wao waendelee na safari, wakawa wanakuja kuchukua kidogo kidogo.

"Nitakuwa navuna kahawa kwa dada huku roho yangu imelala Omurushaka," Costansia alijibu. "Hapana, mwanangu. Ama niende nayo, ama nirudi nayo."

* * *

Sperancia ana miaka arobaini na moja. Watu wa Omurushaka wanamjua kwa majokofu ya maduka, mafriji ya nyumbani na mitambo ya kupozea maziwa. Mwezi mzuri humpatia kama shilingi laki nne. Mwezi mbaya familia hutegemea kahawa na ndizi za kibanja chao, anasema, na kumshukuru Mungu kwa mumewe, Egbert, asiyechoka kupalilia.

Ufundi wa friji aliusomea Bukoba. Lakini friji la kwanza alilolijua halikuwa na waya hata mmoja.

Baba yake, mzee Polikarpi, alikuwa mlinzi wa zahanati ya kijijini huko Kyerwa. Pamoja na kulinda, alikabidhiwa friji la chanjo lililokuwa likitumia mafuta ya taa. Sperancia alikuwa akimfuata asubuhi kulitazama. Chini ya friji kulikuwa na utambi unaowaka, na juu kulikuwa na barafu. Jambo hilo lilimshangaza hata akawa halali vizuri.

"Nilimuuliza baba, moto unatengenezaje baridi? Akaniambia, sijui, lakini najua moto ukiwa wa njano watoto watakosa chanjo," anakumbuka. "Nikasema basi nitasoma mpaka nijue."

Ndiyo maana Aimable alipoeleza kuwa friji lake halina kompresa wala mlio, Sperancia hakushtuka. Alifurahi. Anasema ilikuwa kama kukutana na rafiki wa baba yake.

Kwanza aliuliza maswali. Kigali lilikuwa likipoza? Ndiyo, tena vizuri mno, likiwa kwenye umeme wa nyumbani. Njiani walitumia nini? Gesi. Lilianza lini kulegea? Rugu, au siku moja baada ya Rugu. Kabla ya hapo lilikuwa halijawahi kusumbua.

Maelezo hayo yalimpeleka moja kwa moja kwenye moto. Ubavuni mwa gari, upande wa nje, kuna matundu mawili yenye vifuniko vya plastiki: moja chini, jingine juu. Alifungua la chini, akalala kifudifudi na tochi. Mwali ulikuwa wa njano, unacheza kama mshumaa dirishani. Kuzunguka kichomeo kulikuwa na masizi na vumbi jekundu la njiani.

"Nikasema, nimekukamata," anasimulia huku akicheka.

Alifunga gesi, akakitoa kichomeo, akakipiga brashi. Kile kitundu chembamba kinachopitisha gesi hakukichokoa kwa waya, kwa sababu kikipanuka hata kidogo moto hauwi tena sawa. Alikilowesha kwenye spiriti na kukipuliza. Alipowasha tena, mwali ulisimama, mfupi na wa bluu.

Kisha akaleta pimamaji, kile kipande chenye kiputo ambacho waashi hulazia juu ya tofali. Akakiweka ndani ya friji. Kiputo kilikimbilia pembeni, maana uwanja wa karakana umeinamia barabarani.

Aimable alitaka kujua kama wanapima friji au wanajenga ukuta.

Sperancia alimweleza kwamba ndani ya mabomba ya friji la aina hiyo, maji na amonia husafiri vyenyewe: moto huvipandisha, uzito wake huvirudisha. Hakuna pampu ya kusukuma. Gari likiinama sana, safari hiyo hukatika katikati, na friji huchemka mgongoni huku tumboni likibaki vuguvugu. Wakaweka mbao chini ya magurudumu ya upande mmoja, gari likapanda, kiputo kikatulia katikati.

Ndani ya friji akaning'iniza kipimajoto cha kioo. Kilikuwa cha zahanati ile. Friji la mafuta ya taa lilipostaafishwa, baba yake alipewa kama kumbukumbu, na siku Sperancia alipofungua karakana akampa yeye.

Wakakaa kusubiri. Friji la namna hii halina haraka; huhitaji saa kadhaa kabla ya kusema lolote.

* * *

Mchana walikula pamoja, ndizi na maharage. Costansia na Sperancia walihamia Kinyambo, lugha ya kwao, na Aimable akalalamika kuwa anasengenywa. Costansia alisimulia jinsi Agnetha alivyokuwa akimbeba mgongoni kwenda kuchuma kahawa, na jinsi alivyokuwa akimficha asionekane na baba yao akila kahawa mbichi.

Walipofungua friji tena, kipimajoto kilikuwa hakijashuka hata mstari mmoja.

"Hapo ndipo nilipoogopa," Sperancia anasema. "Moto safi. Gari limelala sawa. Gesi ipo. Na friji bado linanitazama tu."

Kulikuwa na dawa moja ya mwisho aliyoijua kwa baba yake. Friji la mafuta ya taa lilipogoma kabisa, mzee Polikarpi na wenzake walilitoa, wakalipindua kichwa chini na kuliacha hivyo usiku kucha, ili vilivyoganda ndani ya mabomba vijichanganye upya. Wakati mwingine lilipona. Wakati mwingine lilikufa moja kwa moja.

Aliwaeleza wote wawili bila kuficha. Kulitoa friji lile garini ingekuwa kazi ya siku nzima, na hakuwa na hakika. Aimable akaanza kuzungumzia njia ya kurudi Kigali. Costansia alitazama upande wa barabara ya Nkwenda.

Sperancia aliuchukua mfuko wa spana, akazunguka nje kutafuta bolti zinazolishikilia friji. Ilimbidi afikie lile tundu la juu.

Tundu hilo lilikuwa halionekani. Mbele yake, kwenye vishikizo vya turubai ubavuni mwa gari, kulikuwa kumefungwa mzigo mkubwa, umeviringishwa kwa majani makavu ya mgomba na kukazwa kwa kamba za mgomba. Asubuhi alikuwa ameuona na kuupita. Ni nani Karagwe anayeshangaa mzigo wa ndizi?

Aimable alisema ni mkungu waliopewa Rugu, zawadi ya kumpelekea Agnetha. Wenyeji wao waliufunga wenyewe, kwa ustadi, usichubuke njiani. Walikuwa wamechagua mahali penye vishikizo imara.

Sperancia alifungua majani ili ausogeze. Mkungu ulikuwa wa kijani upande wa nje. Upande uliolalia gari ulikuwa umeiva, njano tupu.

"Nilisimama pale nikaangalia," anasema. "Sisi tunazijua ndizi. Tunaziivisha shimoni au juu ya jiko kwa ajili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi haiivi upande mmoja bila sababu. Ikifanya hivyo, ujue imelala karibu na moto."

Akapitisha mkono kati ya mkungu na gari. Hewa ya humo ilikuwa moto kama mdomo wa chungu.

Joto lote lililotakiwa kutoka nje kupitia tundu la juu lilikuwa limegonga zawadi na kurudi ndani. Friji lilikuwa likijitahidi kupoza huku limefunikwa blanketi. Tena majani yale makavu, aliwaambia bila utani, yangeweza kushika moto wakiwa wamelala.

Waliufungua mkungu pamoja, wakauingiza ndani ya gari, chini ya meza. Hakuna aliyependekeza uachwe; zawadi ya mtu kwa mtu haiachwi njiani.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, Costansia alifungua friji, akaweka kiganja ndani na kukiacha humo. Alikitoa, akamwekea Sperancia shavuni. Kilikuwa baridi.

Ndipo Sperancia, moyo wake nao ukiwa umepoa, akatania. Alimwambia Aimable kuwa wakwe zake wana bahati: wamepata mkwe mwenye mtambo wa kuivishia ndizi, hawatachimba shimo tena mwaka huu. Aimable alicheka mpaka akaegemea gari, akasema utani huo atafika nao Kyerwa.

Walilala uwanjani hapo. Asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi tano, na chupa za insulini zikarudi ndani ya friji la gari.

Kabla hawajaondoka, Costansia alimshika Sperancia mkono. Alimuuliza itakuwaje wakifika kule, kwenye uwanja mwingine wenye mteremko mwingine, na fundi hayupo.

"Jumamosi nitakuja kulipima," Sperancia alimjibu. "Likihama, lazima lipimwe upya."

"Utakuja kweli?"

"Nitakuja, mama."

Kipimajoto cha baba yake alikiacha humo humo, kikining'inia.

* * *

Ijumaa alasiri, simu yake iliita. Alikuwa Jovitus, mfanyabiashara wa nyama wa Kayanga, na Sperancia aliijua sababu kabla hajaambiwa.

Jovitus amejenga chumba cha baridi, cha kwanza cha aina yake kwa mtu binafsi katika mji ule. Kwa miaka miwili, tangu msingi ulipochimbwa, Sperancia alikuwa akipita pale kuuliza hali, akitoa ushauri bila malipo, akitumaini kuwa siku mitambo itakapowaka yeye ndiye atakayekabidhiwa kuitunza. Ingekuwa kazi ya kudumu, yenye malipo kila mwezi. Alikuwa amekwisha kuipangia: kwanza pampu ya kunyonyea hewa kwenye mabomba, ambayo mpaka leo huiazima Bukoba, kisha ada ya binti yake mkubwa.

Mtambo ulikuwa umezima, nyama ilikuwa imeingia jana yake. Jovitus alimtaka Jumamosi asubuhi na mapema.

Sperancia alimwomba aende jioni ile ile. Haikuwezekana, funguo za mitambo alikuwa nazo mtu aliyekuwa njiani kutoka Mwanza. Akamwomba iwe Jumapili baada ya ibada. Jovitus alimjibu kwa upole kuwa nyama haiendi kanisani. Kama hawezi, yuko fundi Bukoba aliye tayari kuondoka alfajiri, na atakayeiwasha ndiye atakayeitunza.

"Simlaumu," Sperancia anasema. "Ningekuwa mimi ndiye mwenye nyama, ningesema hivyo hivyo."

Egbert alimshauri ampigie Aimable. Pengine hakuna haja ya safari. Ushauri ulikuwa mzuri, akapiga. Sauti ya Aimable ilikuja na kelele za watu wengi nyuma yake.

"Friji salama, fundi," alisema. "Kama una kazi, usijisumbue."

Alikuwa ameachiliwa. Angeweza kulala na kuamkia Kayanga, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Anasema alikaa kizingitini muda mrefu, Egbert akiwa kando yake asimsukume upande wowote.

Kilichomsumbua ni kwamba ahadi ile hakumpa Aimable. Alimpa mama aliyeshuka garini na kisanduku kifuani, akauliza "Utakuja kweli?" kama mtu aliyekwisha kuahidiwa mengi. Na Aimable alisema salama. Hakusema kipimajoto kinasoma ngapi.

"Baba yangu hakuwa anauliza watu kama friji ni zima," anasema. "Alikuwa anakwenda kuangalia."

Akampigia Jovitus, akamshukuru, akamwambia amwite yule wa Bukoba.

* * *

Jumamosi, Cassian, mwendesha bodaboda wa kijiwe cha jirani, alimpeleka Sperancia mpaka mbele ya Nkwenda, vumbi likiwapaka rangi moja wote wawili. Kibanja cha Agnetha hakikuwa kigumu kukipata. Watu walikuwa wanakwenda huko kama kwenye harusi.

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa kando ya nyumba, karibu na vichanja vya kahawa. Sperancia aliliangalia, akasahau kusalimia.

Ubavu wake mzima, kuanzia chini mpaka juu, ulikuwa umepangwa mikungu ya ndizi za rubisi, mmoja juu ya mwingine, ikafunikwa kwa majani ya mgomba na magunia.

Aimable alimjia mbio, uso umemwiva kuliko zile ndizi. Alieleza kwa sauti ya chini. Jumatano jioni alisimulia ule utani, ukoo mzima ukacheka. Alhamisi aliporudi kutoka sokoni Nkwenda, alikuta shemeji na majirani wamekwisha kupanga ndizi za sherehe ya kumpokea Costansia, wakimsifu kwa mtambo aliowaletea. Walikuwa wametumia majani mabichi, wakajivunia hilo, maana aliwaeleza pia habari ya majani makavu na moto.

"Ningesemaje, dada? Mimi ni mkwe hapa," alisema. "Mara ya kwanza nakuja kulala, niwaambie wakwe watoe ndizi zao? Na ulipopiga simu walikuwa wamenizunguka."

Sperancia alicheka kidogo, kisha akaacha. Utani ulikuwa wake.

Costansia alitoka ndani, mikono ina maganda ya kahawa. Tangu afike alikuwa akilala nyumbani kwa dada yake, chupa anayoitumia ikiwa chumbani. Friji hakuwa amelifungua. Alipomwona Sperancia alipiga makofi ya furaha. Alipoona anakokwenda, akamfuata.

Kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na tatu, na kilikuwa kinaendelea kupanda.

Wakapiga simu kwa muuguzi mmoja wa Nyakahanga anayefahamiana na Sperancia. Aliuliza dawa imekaa hivyo tangu lini, akaambiwa. Alisema muda mfupi kwa joto hilo hauiharibu, ila irudi kwenye baridi leo, isingoje kesho, na isipate tena joto kama hilo. Costansia aliketi kwenye ngazi ya gari.

Ilibaki kuwaambia wenye ndizi. Sperancia hakwenda kwa vijana waliokuwa wakipanga mkungu mwingine. Alikwenda kwa Agnetha, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni kwa ajili ya wageni, akapiga magoti, akaamkia kwa Kinyambo. Akapewa kahawa ya kutafuna, akaitafuna kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha akaeleza: kwamba kosa lilianzia kinywani mwake, kwamba ndizi zinapopata joto pale ukutani, dawa ndani inakosa baridi.

Bibi kizee aliendelea kutafuna kahawa yake.

"Kumbe tunampikia mdogo wangu dawa yake," alisema hatimaye. Akanyanyuka kwa fimbo, akatoka nje, akasimama mbele ya gari. Hakupaza sauti. Aliwaambia ndizi za rubisi zina nyumba yao, nayo ni shimo, na kila mtu aliyeleta mkungu auchukue kwa mkono wake mwenyewe.

Mikungu ikashuka. Aimable ndiye aliyechimba shimo, koti pembeni, wakwe zake wakimsimamia na kumtania kwamba mtambo wake mpya unatoa jasho. Alionekana mtu mwenye furaha kuliko wote uwanjani.

Sperancia alilala kifudifudi akautazama moto: bluu. Akaleta pimamaji, akaomba mawe mawili bapa, akalilaza gari sawa. Akaomba miti michache, akafunga kizuizi kifupi mbele ya matundu, ili hata mtu mwenye nia njema asiegemeze kitu.

Halafu akakaa kusubiri, kwa sababu friji la namna hii halina haraka. Cassian alimkumbusha mara mbili kuwa njia ni ndefu. Alimwomba avumilie. Walimletea debe la kukalia, akaketi na akina mama kuchambua kahawa, na Costansia akaketi kati yake na dada yake.

Wakati huo huo, Kayanga, mtambo wa Jovitus ulikuwa umekwisha kuwaka. Ujumbe ulimfikia Sperancia hapo hapo kichanjani: fundi wa Bukoba ameshika kazi, Mungu akubariki nawe. Aliusoma, akairudisha simu mfukoni, akaendelea kuchambua. Costansia hakujua lolote kuhusu hilo, na mpaka Sperancia anaondoka hakuambiwa.

Pampu itasubiri. Anasema ataitafuta kwa kahawa ya mwakani, na kama si mwakani, mwaka unaofuata. Kuna jambo jingine analoliwaza zaidi siku hizi: kwenda kwenye zahanati za vijiji visivyo na umeme, angalau mara moja kwa msimu, kuwafundisha wanaolinda mafriji ya dawa kusoma mwali na kupima mteremko. Hajui atapata wapi nauli. Anajua ataanzia ile ya baba yake.

Kipimajoto kilipofika nyuzi saba, kikiwa bado kinashuka, alisimama. Costansia alitaka kumrudishia.

"Kaa nacho mpaka gunia la mwisho," Sperancia alimwambia. "Ukiona kimepanda, nipigie wewe mwenyewe. Usimpe mkwe simu."

Agnetha alikuwa amekwisha kuagiza zawadi yake, na zawadi haikataliwi. Cassian aliifunga nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mgomba: mkungu mmoja wa ndizi, kijani upande huu, njano upande ule. Sperancia aliuangalia ulipofungwa, akainama kutazama bomba la moshi liko wapi, akamwomba ausogeze kidogo.